Seva ya ofisi: anza na luku, kori baadaye

Ingia duka lolote la kompyuta Posta au Kariakoo, sema unatafuta seva, na swali la kwanza litakuwa unataka kori ngapi, yaani prosesa yako iwe na vichwa vingapi vya kufanyia kazi. Hakuna atakayekuuliza itakaa chumba gani, umeme wa jengo lenu ukoje, au nani atapigiwa simu Jumapili ikizima. Muuzaji mmoja aliniambia, huku akipapasa mgongo wa Dell PowerEdge R730 kama anauza ng'ombe mnadani: "Dada yangu, hii ilikuwa ya benki, Dubai huko. Prosesa mbili, kori ishirini na nane. Mtatumia nyie mpaka wajukuu." Nikamwuliza inakula wati ngapi. Akacheka. "Kwani umeme si wa bosi?"

Umeme ni wa bosi kweli. Ila anayenunua luku ni dada wa uhasibu, na anayeulizwa mbona uniti zimeisha tarehe kumi na nane ni mimi.

Sisi ni watu sita, Sinza, ghorofa ya pili juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Tunatengeneza na kutunza tovuti za hoteli, shule na kampuni za utalii, nyingi za WordPress, chache za Laravel, na hifadhidata za MariaDB na PostgreSQL. Niseme mapema kwamba tovuti za wateja haziko ofisini na hazitakuwa ofisini. Zinakaa kwenye seva za kukodi, penye jenereta za akiba na watu wa zamu. Kuna wenzangu wa fani hii wanaoweka tovuti ya mteja chini ya meza na laini ya nyumbani, halafu wanajisifu kwamba wameokoa pesa. Waache.

Ofisini tulitaka vitu vingine. Tulitaka mahali pa kuhifadhi misimbo yetu wenyewe, mashine ya kujenga na kupima kila mtu anapopeleka mabadiliko, nakala ya majaribio ya kila tovuti, na bakapu. Hayo yote tulikuwa tunayafanya kwa huduma za nje. Kisha ikaja tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili kubwa za chini ya bahari zikakatika kusini huko, na intaneti ya Tanzania ikashuka vibaya kuliko ya majirani wengi. Tulikuwa na kazi, tulikuwa na kompyuta, tulikuwa na umeme, na bado tulikaa tunatazamana kwa sababu kazi ya mtu aliyekaa meza ya pili ilikuwa lazima ipite Ulaya kabla ya kunifikia. Bosi hakuhitaji kushawishiwa tena. Alitoa milioni nne na kusema, "Nataka siku nyingine tufanye kazi."

Basi, luku. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Kwa matumizi ya kawaida, shilingi 10,000 zinakupa uniti 28 na kidogo kabla ya makato ya kodi ya jengo, yaani uniti moja ni kama shilingi 356. Niliazima kipima-wati cha kuchomeka ukutani na kuomba ruhusa ya kukitumia dukani. Ile R730 ya prosesa mbili, ikiwa na diski zake nane na kazi kidogo tu, ilikuwa inacheza kwenye wati 220. Ikiwaka usiku na mchana kwa siku thelathini ni uniti 158, zaidi ya shilingi 56,000. Mashine ya wati 120 ni uniti 86, kama 31,000. Zile kompyuta ndogo za ukubwa wa kitabu, kwa wati 15, hazifiki hata 4,000 kwa mwezi. Sasa weka miaka mitatu mbele: kati ya wati 220 na wati 120 kuna tofauti ya zaidi ya laki tisa. Muuzaji alikuwa anatupunguzia laki tatu kwenye bei na kudhani ametupa zawadi.

Na hiyo ni kabla ya kiyoyozi. Kila wati inayoingia kwenye seva inatoka ikiwa joto, hakuna inayopotelea kwingine. Wati 220 ni kama BTU 750 kwa saa, na chumba kidogo kinazihisi. Sisi chumba tulichokuwa tumekitenga ni stoo ya makaratasi, mlango unafungwa, dirisha hakuna. Nikaning'iniza kipimajoto humo mwezi wa pili, Jumamosi, kiyoyozi cha ofisi kikiwa kimezimwa. Kilisoma nyuzi 37, na humo hamkuwa na seva bado. Dell wanaandika kwamba mashine zao za aina hii zifanye kazi kwenye hewa ya nyuzi 10 hadi 35. Stoo ikafutwa kwenye orodha siku hiyohiyo, na pamoja nayo zikafutwa seva zote za kabati, zile bapa za kupangwa kwenye rafu za chuma kama ile R730.

Naeleza kwa nini. Kama seva haikai stoo, inakaa tulipo sisi, na seva nyembamba za kabati zimetengenezwa kwa ajili ya vyumba ambamo hakuna mtu. Feni zake ni ndogo, kwa hiyo lazima zizunguke kwa kasi kubwa ili zisukume hewa ya kutosha. Ukiiwasha, kwa dakika ya kwanza unaweza kudhani kuna ndege inataka kuruka Terminal 3. Zile za unene wa mara mbili zina nafuu, ila ukichomeka kadi ambayo mashine haiitambui, feni zinapanda na hazishuki. Jaribu kupokea simu ya mteja hapo. Seva ya mnara, inayosimama chini kama kompyuta ya kawaida ya mezani, ina feni kubwa zinazozunguka taratibu. Watu wengi wanaidharau kwa sababu haina sura ya seva kwenye picha. Sisi tulichukua Dell PowerEdge T430 iliyotumika, ya kizazi kilekile cha R730.

Niliangalia pia HPE ProLiant za Gen9, na kwa chuma chenyewe sina neno nazo. Kilichonirudisha nyuma ni kwamba masasisho mengi ya BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha mashine, ya ProLiant yanataka uwe na udhamini au mkataba wa huduma, na mashine ya mtumba haina vyote viwili. Dell unaingiza namba ya mashine kwenye tovuti yao na kupakua. Kwa mtu anayenunua chuma cha mwaka 2016, hilo lina uzito kuliko tofauti yoyote ya kasi.

Prosesa haikunichukua muda. Ombi moja la PHP, lugha iliyoandikia WordPress na Laravel, linatumia kori moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kwa tovuti ya majaribio inayofunguliwa na watu wawili, kori ya kumi na tano haina la kufanya. Xeon E5-2680 v4 aliyoipigia debe muuzaji ina kori 14, gigahezi 2.4, na inaruhusiwa kufika wati 120. E5-2640 v4 ina kori 10, gigahezi 2.4 hizohizo, ikikimbia inafika 3.4, kwa wati 90. Tukachukua moja, si mbili. Ukiweka prosesa moja kwenye bodi ya prosesa mbili, nafasi za RAM za upande wa pili zinalala, pamoja na baadhi ya nafasi za kadi, lakini nafasi zilizobaki zilitutosha na zitatutosha. Isitoshe, ipo siku mteja anaweza kutulazimisha kuweka Windows Server, na leseni yake inahesabiwa kwa kori zote zilizomo ndani ya mashine, kuanzia 16 hata kama unazo kumi. Kori ishirini na nane mwanzoni ni za bei rahisi. Baadaye zinadai.

RAM ndiyo inayomalizwa kwanza na kazi za tovuti. Kila mfanyakazi wa PHP, yaani kila programu ndogo inayosubiri kuhudumia ombi, anakaa na makumi ya megabaiti, hifadhidata inataka zake, na kila tovuti ya majaribio ina jozi hiyo. Tuliweka gigabaiti 64 kwa vipande vinne vya 16. Hapa kuna mtego ambao nimeuona ukiwanasa watu zaidi ya mmoja: seva hizi zinataka RAM ya DDR4 aina ya RDIMM, na RAM ya DDR4 ya kompyuta ya mezani haifanyi kazi humo, japo kwa macho vinafanana na muuzaji atakuapia kwamba "DDR4 ni DDR4, dada". Soma stika. Ikiwa na herufi R baada ya namba za kasi, ndiyo hiyo. Faida yake ni kwamba RAM hii ina ECC, kwa kila biti 64 za data kuna 8 za ulinzi, hivyo biti moja ikigeuka inarekebishwa na wewe unaiona kwenye kumbukumbu za mashine badala ya kuikuta miezi mitatu baadaye ndani ya faili la mteja.

Diski ndizo zilizonikalisha usiku. Kwanza, nilikataa RAID ya kadi, yaani kadi maalumu inayozipanga diski kadhaa zifanye kazi kama moja, na nilibishana sana na kijana wetu mmoja aliyesoma kwamba RAID ya kadi ni ya kitaalamu zaidi. Inaweza kuwa hivyo mahali ambapo kadi ikifa leo, nyingine inafika kesho asubuhi. Hapa kwetu kadi ikifa unaanza kupiga simu Dubai. Diski zilizopangwa na kadi mara nyingi zinataka kadi ya ukoo uleule ili zisomeke tena. Diski mbili zilizopangwa na ZFS, ambayo ni programu tu, unazichomoa, unazichomeka kwenye kompyuta yoyote yenye Linux na ZFS, na data yako hii hapa. Kadi ya PERC H330 iliyokuja na mashine inakubali kuwekwa kwenye hali ya HBA, yaani inaziachia diski zionekane kama zilivyo, na hivyo ndivyo tulivyoiweka. Juu yake Proxmox, ambayo ni Debian, aina ya Linux, iliyovaa mavazi ya kazi, na ndani yake mashine pepe, yaani kompyuta kadhaa za kufikirika ndani ya chuma kimoja.

Pili, aina ya SSD, zile diski zisizozunguka. Hifadhidata inapomaliza muamala huiambia diski: andika kweli, usinidanganye, nakusubiri mpaka umalize. SSD za seva zina kapasita ndani yake zinazoshika umeme kwa kitambo kidogo, zikatosha kumalizia kuandika hata kama waya umechomolewa. Kwa sababu hiyo zinaweza kujibu "nimemaliza" mara moja bila uongo. SSD za kawaida za dukani hazina kapasita hizo. Ama zinakawia kwa kila muamala, ama, zile za bei chee kabisa, zinadanganya. Kwenye mji ambao umeme unaweza kuondoka bila kuaga, sijui kwa nini mtu aendeshe PostgreSQL juu ya diski ya namna hiyo. Tulinunua Intel DC S3610 zilizotumika. Zilitengenezwa kuvumilia kuandikwa ujazo wake wote mara tatu kila siku kwa miaka mitano, na ofisi yetu haiandiki hata sehemu ndogo ya hapo, kwa hiyo umri uliobaki ni mwingi. Kabla ya kulipa unaendesha smartctl, programu ya kuangalia afya ya diski, na kusoma mambo mawili tu: saa zilizowashwa na kiashiria cha uchakavu. Diski moja kati ya tulizoletewa ilikuwa imebakiza asilimia 41. Ikarudi, ikaletwa nyingine, hakuna aliyenuna.

Diski za kuzunguka tuliweka mbili tu, za bakapu ya ndani.

Kuhusu umeme wenyewe, niliita fundi, mzee mmoja aliyefunga waya nusu ya majengo ya mtaa ule. Nikamwamkia, akapanda na tesita yake, akafungua soketi tuliyopanga kuitumia, akapima, akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, hii ethi ni pambo." Waya wa kijani, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, ulikuwepo, ila huko chini haukuwa umefungwa popote. Alichimbia fimbo mpya ya shaba nyuma ya jengo na kuvuta laini ya peke yake hadi kwenye meza ya seva. Ilikula sehemu ya bajeti ambayo kijana wetu alitaka tuipeleke kwenye prosesa ya pili. Sijutii hata senti.

UPS, ile betri ya akiba ya kuchomekea seva, nayo ina ujanja wake wa maandishi. Namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi ni VA, na wati ziko pembeni kwa maandishi madogo, mara nyingi chini ya hapo. Tulichukua ya VA 1500, wati 900, inayotoa wimbi safi, kwa sababu pawa saplai za seva za sasa hazipatani sana na zile UPS za wimbi la kukatakata. Watu huuliza inakaa saa ngapi. Sikununua ili tufanye kazi gizani. Nilinunua ili seva ipate muda wa kuzima kwa adabu: waya wa USB unaingia nyuma ya seva, programu iitwayo NUT inasikiliza, na betri ikishuka hadi kiwango tulichokiweka, mashine pepe zinazimwa moja moja kisha seva yenyewe inalala. Jenereta ya jengo ikiwaka katikati, hiyo ni bahati, na kwa kuwa jenereta ikianza umeme wake hutetema, UPS inauchuja. Kumbuka tu kwamba betri zile za asidi hazipendi joto la Dar. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hula karibu nusu ya umri wake, kwa hiyo mauzo ya "betri ya miaka mitano" yasikilize kwa sikio moja.

Ukaguzi wa dukani. Sikukubali kununua bila kuandikiwa siku saba za kurudisha kwenye risiti, kwa mkono, na muhuri. Nyumbani unawasha memtest86+, programu ya kupima RAM, na kuiacha ikeshe. Unafungua iDRAC, ule mlango wa pembeni wa kuisimamia mashine hata ikiwa imezimwa, na kusoma kumbukumbu za matukio: pawa saplai iliyowahi kulia, RAM iliyowahi kurekebishwa mara nyingi, feni iliyosimama. Wauzaji wanajua kufuta vumbi, wachache wanajua kufuta kumbukumbu. Hakikisha pia leseni ya iDRAC ni ya Enterprise, kwa sababu bila hiyo huoni skrini ya mashine kutoka mbali, na faida yote ya kutonunua kompyuta ya kawaida inapungua nusu. Halafu badilisha nywila kabla hujachomeka waya wa mtandao. Jina root na nywila calvin, dunia nzima inazijua. Na omba nyaya za umeme palepale, zenye plagi ya pini tatu ya kwetu, la sivyo utaletewa za Ulaya na utaanza kuhangaika na adapta.

Kilichobaki kwenye milioni nne kilinunua Lenovo ThinkCentre M720q, moja ya zile kompyuta za ukubwa wa kitabu. Iko nyumbani kwa bosi, Tabata, nyuma ya televisheni. Kila usiku inavuta bakapu kutoka Sinza kwa Proxmox Backup Server, ambayo hutuma vipande vilivyobadilika tu, kwa hiyo laini ya nyumbani inatosha na watoto wake hawajalalamika. Haina ECC wala pawa mbili. Haihitaji. Kazi yake ya pili ni kwamba ofisi ikiungua, au T430 ikifa na kipuri kikakwama forodhani, misimbo yetu inaweza kuendeshwa juu yake kwa taabu hadi msaada ufike, na tunajaribu hilo kila mwisho wa mwezi kwa kurudisha tovuti moja na kuifungua. Diski zote, huku na kule, zimesimbwa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, sitaki kabisa orodha ya wageni wa hoteli ya mtu ikae wazi nyuma ya televisheni, hata kama ni ya bosi.

Kijana wetu bado anaitaka ile prosesa ya pili. Nimemwonyesha grafu: siku zenye kazi nyingi, wote sita tukijenga na kupima kwa pamoja, kori kumi zinafika asilimia 60 kwa dakika chache kisha zinarudi kulala. RAM ndiyo imefika gigabaiti 48 kati ya 64. Kwa hiyo nimeshaomba bei ya vipande viwili vingine vya 16, RDIMM, na muuzaji amejibu kwamba anazo DDR4 nzuri sana za kompyuta ya mezani.

Kama nyinyi ni watu wawili au watatu, hamna haja ya kufuata haya yote. Chukueni M720q mbili, kila moja na SSD nzuri, UPS moja ndogo, moja ikae ofisini na nyingine kwa mmoja wenu, na pesa inayobaki mwiteni fundi aangalie ethi.